Sikio la Ndama, Ukurasa wa Kumi na Tano

Vijana wangu, wengi wenu mliopita kwenye meza yangu mnakijua kisa cha mchoraji asiyejua ng'ombe. Niliwasimulia mimi mwenyewe, kila kundi la wanagenzi, wiki ya kwanza, kabla hata sijawaonyesha choo kiko wapi. Kisa kilikuwa kifupi: mchoraji fulani wa Kajiado alichora ndama akamkata sikio lisilo lake, na kitabu kizima cha watoto kikageuka kuwa hadithi ya wizi wa mifugo. Mlicheka. Mimi pia nilicheka, ingawa nilikuwa nimekisimulia mara nyingi kuliko Baba Yetu. Nawaandikia leo kwa sababu kisa kile hakikuwa kweli, na mchoraji yule bado yu hai. Anaishi Isinya.

Lakini sitaanza na yeye. Nikianza na yeye hamtaelewa kosa lilivyotendeka, na nia yangu ni mwelewe, msije mkalirudia kwa hizo kompyuta zenu ambazo hukosea haraka kuliko sisi tulivyoweza.

Kazi yangu ilikuwa kulinganisha. Kitabu kinapochapwa upya, mtu mmoja hukaa na kitabu cha zamani upande wa kushoto na karatasi mpya upande wa kulia, akahakikisha kwamba kilichokuwepo bado kipo, na ambacho hakikuwepo hakijaingia. Ni hivyo tu. Mama yangu kule Machakos hakuwahi kuelewa kwa nini mtu alipwe kwa kuangalia kitabu ambacho tayari kimeandikwa. Aliwaambia majirani kwamba mimi ni karani wa mahakama, na nilimwachia.

Msichanganye chapa na toleo. Mashine ikizungushwa tena bila kubadilisha kitu, hiyo ni chapa nyingine ya toleo lile lile. Ukibadilisha sentensi, picha au mpangilio, hilo sasa ni toleo jipya. Watu wa mauzo huyaita yote mawili "mpya kabisa". Kwa hiyo usiamini jalada. Fungua ule ukurasa wa maandishi madogo ambao hakuna anayeusoma, uusome. Kisha usiuamini huo pia. Laza vitabu vyenyewe kando kwa kando, uangalie.

Na vikiwa vitabu vya watoto, anza na picha. Maneno ni machache na kila mtu ameshayapitia. Mtu mzima huiangalia picha mara moja, akaona "msichana na ng'ombe", akaenda zake. Mtoto huanza na kidole cha mguu. Ili uone kama mtoto, pindua kitabu juu chini. Jicho likiacha kujua linaangalia nini, ndipo linapoanza kuona. Kwa njia hiyo niliwahi kumkuta mwalimu mkuu mwenye vidole sita. Alikuwa amefundisha hivyo chapa nne bila mzazi yeyote kulalamika.

Aliyenifunza haya ni Bwana Wafula, mtu wa Bungoma, mpole, aliyevaa koti la ofisini hata siku ambazo kiwanda kilikuwa kama tanuri. Siku zile picha ilikuja kwenye filamu, karatasi ngumu ya plastiki inayopitisha mwanga. Maneno yalikuwa kwenye filamu nyingine. Tulizipanga juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, tukazibandika kwa utepe, ndipo zikaenda kutengeneza bamba la kuchapia. Filamu ina pande mbili, na ukiilaza kwa upande usio wake, picha inatoka imegeuka kama kwenye kioo. Wafula alinifundisha kuzitambua kwa mdomo. Unalowesha mdomo wa chini, unaigusisha filamu. Upande wenye dawa unanata kidogo, ule mwingine unateleza. Kwa siku moja nilibusu filamu nyingi kuliko nilivyombusu mume wangu, Baba Mwende, kwa mwaka, na nilimwambia hivyo, naye akasema filamu angalau zinarudi zilikotoka saa kumi na moja, si kama mke wake.

Wafula alikuwa na sheria moja aliyoiheshimu kama amri. "Mama Mwende," alisema, "mtu wa kwenye picha atazame ndani ya kitabu. Akitazama nje, msomaji naye atatazama nje, ataona chapati, ataondoka." Kwa hiyo mtu wa kwenye picha akitazama nje ya ukurasa, tuliigeuza filamu makusudi ili macho yake yarudi ndani. Lakini kabla ya kugeuza, kagua. Kuna maandishi kwenye picha? Yatasomeka kinyumenyume. Kuna vifungo vya shati, saa, pete? Siku moja tuligeuza picha ya diwani mmoja, pete yake ya ndoa ikahamia mkono wa kulia. Mkewe alifika ofisini kabla yake.

Maandishi, vifungo, saa, pete. Nilikariri hayo manne na nikawafundisha ninyi hayo manne. Hapo ndipo pana kosa.

Kitabu chenyewe ni Ndama wa Nasieku. Kama mlisomea upande huu wetu wa Kitengela na Kajiado, mnakijua. Kama hamkijui, hadithi ni hii: Nasieku anampoteza ndama wa baba yake kwenye bwawa, mahali ambapo mifugo ya familia nyingi inakunywa pamoja. Anatafuta kutwa nzima. Mwishowe, katikati ya ndama wanaofanana, anamtambua wake. Maneno ya kitabu yanasema tu, "Akaiona alama ya baba yake." Anamrudisha nyumbani, baba anampokea langoni, basi. Maneno hayasemi alama ni ipi. Hiyo ilikuwa kazi ya picha.

Mwaka jana Akinyi alinipigia simu. Ni mhariri kijana ofisini, na bado huniita nikiwa nimestaafu, kwa sababu ana adabu na kwa sababu mimi ni rahisi.

"Mama Mwende, uko na nafasi? Tunataka kumrudisha Nasieku. Niko na matoleo yote matatu, lakini hatukubaliani tutumie picha za lipi."

"Nitumie na boda," nikamwambia. "Na umwambie asikalie."

Toleo la kwanza lilikuwa nakala moja tu, yenye muhuri wa ofisi: ISITOKE. Msishangae kwamba ilikuwa moja. Kitabu cha watoto kinachopendwa hakizeeki, kinakwisha. Kinatafunwa, kinamwagiwa uji, kinapoteza jalada, kisha wadogo wanachana kilichobaki. Ukikuta nakala nzima ya zamani, ujue ilifungiwa mahali au haikupendwa.

Nilivilaza vitatu kwenye meza ya kulia. Toleo la tatu lilikuwa na picha za mchoraji mwingine, kijana wa mjini, na sitamsema vibaya, ila ndama wake ana mabaka meusi na meupe na nadhani alinakiliwa kutoka kwenye pakiti ya maziwa. Masikio yake ni mazima kabisa. Maneno bado yanasema Nasieku aliiona alama. Katika toleo hilo anamtambua ndama kwa imani.

Toleo la kwanza na la pili yalikuwa na picha za Mzee Parsaloi, yule mchoraji wa kisa changu. Nikafika mahali Nasieku anapotoka bwawani, mkono mmoja shingoni mwa ndama, ndama ametugeuzia uso. Katika toleo la pili, ukurasa wa kumi na tano, sikio la kulia la ndama lina mkato. Hilo ndilo kosa maarufu. Mifugo ya Wamaasai hukatwa masikio, na sikio gani limekatwa, na kwa umbo gani, ndiyo alama inayosema ng'ombe ni wa nani. Kwenye picha ya mwisho, baba akiwa langoni, ng'ombe zake wote wamekatwa la kushoto. Maana yake Nasieku ameleta nyumbani ndama wa watu.

Barua ya mwalimu mmoja ndiyo iliyotuamsha zamani zile. Iliandikwa kwa heshima. Ilisema wanafunzi wake wameuliza kwa nini msichana anasifiwa kwa kuiba. Ilisomwa kwa sauti ofisini. Wakubwa wakasema mchoraji hajui ng'ombe, wakamwita, wakamwonyesha, wakatafuta mwingine. Hakuna aliyekwenda stoo kufungua toleo la kwanza. Mlango ulikuwa hatua kumi na moja kutoka kwenye kiti changu.

Sasa nilikuwa nimelifungua. Picha ile ile, ila ukurasa wa kumi na nne, wa kushoto. Na mkato uko sikio la kushoto.

Meza ya taa niliiacha kiwandani. Nyumbani niko na dirisha la jikoni linalotazama ploti ya jirani. Nilichukua ukurasa wa kumi na nne nikaushikilia kwenye kioo cha dirisha, nikautazama kwa nyuma, mwanga ukipenya. Nikaweka ule wa kumi na tano kando yake. Zilikuwa picha moja. Kila nyasi, kila mkunjo wa shuka, mpaka inzi mmoja mgongoni mwa ndama. Mzee Parsaloi hakukosea. Mtu aliigeuza filamu.

Nikakumbuka ni nani.

Toleo la pili liliongezewa dibaji ya ukurasa mmoja kutoka kwa mtu mkubwa. Simkumbuki, na nina hakika hata yeye haikumbuki dibaji. Lakini ukurasa mmoja ukiingia mbele, kila kilichokuwa kushoto kinahamia kulia. Nasieku alikuwa akitazama ndani ya kitabu. Alipohamia kulia, macho yake yakawa yanatoka nje. Nikakagua: hakuna maandishi, hakuna vifungo, saa wala pete. Shuka tu, na ndama. Nikalowesha mdomo, nikaigeuza filamu. Nakumbuka Wafula alipita akasema, "Safi." Nilifurahi mpaka jioni.

Niliketi hapo dirishani, chai ikapoa. Si kwamba nilikuwa nimekosea. Makosa ninayo mengi na mengine yamenichekesha. Ni kwamba nilikuwa nimelisimulia kosa langu miaka yote kwa jina la mtu mwingine, kama mfano wa uzembe.

Nilikwenda Isinya wiki hiyo hiyo. Nilielekezwa mara tatu na nikapotea mara tatu, kwa sababu kila aliyenielekeza alinitajia nyumba ambayo bado haijajengwa. Nilimkuta Mzee Parsaloi nje ya nyumba yake, akikwangua mpini wa shoka kwa kipande cha chupa.

"Sopa, mzee," nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Epa. Wewe ni wa kuuza ploti?"

"Hapana, mzee. Ni wa kitabu."

"Kitabu ni mbaya kuliko ploti." Akaniangalia. "Kwenu ni wapi?"

"Naishi Kitengela. Kwetu Machakos."

"Aa. Mkamba." Akamgeukia mkewe aliyekuwa mlangoni. "Mama Sein, leta chai. Lakini funga boma kwanza."

Nilicheka, Mama Sein akacheka, na alifunga boma kweli.

Nilipotoa toleo la pili kwenye mfuko, Mzee aliweka mkono juu ya jalada ili nisilifungue.

"Hiyo naijua. Waliniita ofisi, wakaweka hiyo ukurasa mbele yangu. Nikaona sikio. Nikasema, kweli nimekosea. Ningesema nini? Picha ni yangu. Zile nilichora kwa mkono walibaki nazo, na kitabu ya kwanza watoto walikuwa wamesoma ikaisha." Akaendelea kukwangua mpini. "Baba yangu alikuwa bado hai. Akashika hiyo kitabu. Macho ilikuwa mbaya, lakini sikio aliona. Akaniuliza, 'Hii ndama ni ya nani?' Nikasema, mtu akisahau sikio ya ng'ombe ya baba yake, asishike penseli tena. Sijashika."

Nikafungua toleo la kwanza, ukurasa wa kumi na nne, nikamwekea magotini.

Aliinamia picha. Mkono wake ulipanda ukashika sikio lake mwenyewe la kushoto, nadhani bila yeye kujua.

"Nani aligeuza?"

"Ni mimi, mzee."

"Kwa nini?"

"Ili msichana asitazame nje ya kitabu. Ni sheria ya kazi."

"Huko nje kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Kuna bwawa," akasema. "Na ng'ombe zingine. Anaangalia kama kuna yenye inafuata. Mtoto wa kuchunga asipoangalia nyuma, ni wa nini?"

Mama Sein alitaka kuelewa filamu inageuzwaje. Nikamweleza pole pole, nikasema ni kama kujitazama kwenye kioo, kulia kunakuwa kushoto. Akatikisa kichwa. "Zamani Wakamba walikuja kuchukua ng'ombe na upinde," akasema. "Huyu alikuja na kioo."

Yeye alicheka. Mzee hakucheka. "Baba alikufa akijua nilisahau," akasema.

Nililirudisha toleo la pili kwenye mfuko.

"Unataka nini sasa?" akauliza.

"Nataka picha zako zirudi, na jina lako. Na niandike nani aligeuza."

"Andika kwanza," akasema. "Halafu nitaona kama jina yangu inataka kurudi."

Niliandika ripoti ya ukurasa mmoja. Ripoti ya kulinganisha isizidi ukurasa mmoja, la sivyo mhariri anasoma mwanzo na mwisho, na kosa huwa katikati. Nikaandika kwamba picha za toleo la kwanza ni sahihi, kwamba mchoraji alilaumiwa bure, na kwamba filamu iligeuzwa na mimi, nikataja jina langu lote.

Akinyi alinipigia simu. "Mama, si lazima ujitaje. Tuandike 'hitilafu ya uchapaji'."

"Hitilafu haina mikono, Akinyi."

"Lakini wewe ndiye ulitufundisha sisi wote. Watasema nini?"

"Watasema nilikosea. Na itakuwa sahihi, kwa hiyo usiisahihishe."

Akinyi akasema barua ya kumwomba radhi mzee itatoka ofisini, na jina langu litakuwa ndani. Picha zikarudishwa. Dibaji tuliitoa, na kwa hiyo Nasieku akarudi ukurasa wa kumi na nne, akatazama ndani bila mtu kumgeuza. Hakuna aliyeulizia dibaji.

Ninyi leo mnageuza picha kwa kubofya mara moja. Siwaambii msigeuze. Nawaambia muongeze kwenye yale manne la tano, ambalo haliandikiki kwa neno moja: kabla ya kugeuza, tafuta mtu ambaye picha ile ni ya kwao, umwonyeshe, umwulize anasoma nini. Mimi niliona hakuna maandishi kwa sababu sikujua kusoma masikio. Darasa zima la watoto lilisoma mara moja. Na ukiambiwa fulani amekosea, nenda stoo kwanza.

Prufu, ile nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapa, ilipotoka niliipeleka Isinya mwenyewe. Barua ya ofisi ilikuwa imetangulia. Mzee alikuwa ameikunja ndogo sana na kuiweka mfukoni mwa shati, na alinionyesha kwamba ipo, bila kuifungua. Kisha akavaa miwani ya Mama Sein, akachukua prufu, akaenda moja kwa moja kwenye picha ya bwawani.

"Sikio iko sawa," akasema.

Nilipumua.

"Sasa rudi mbele. Soma hapa."

Alikuwa ameweka kidole chini ya jina lake, kwenye ukurasa wa kwanza. Picha zimechorwa na PARSOLOI. Nilikuwa nimeipitia prufu ile mara tatu. Nilikuwa nimehesabu nyasi. Nilikuwa nimempata inzi.

"Ni makosa, mzee," nikasema.

"Naona."

Nikatoa kalamu nyekundu. Nilikuwa nimeinama tayari juu ya karatasi aliponishika mkono.

"Lete," akasema. "Hii nitaandika mimi."

Akaegemeza prufu kwenye goti, akaandika jina lake pembeni, herufi moja moja. Nikanyoosha mkono nichukue kalamu. Hakunipa. Akafungua tena ukurasa wa kumi na nne, na pale pembeni, ndogo kama ukucha, akachora kichwa cha ndama: pua, jicho, sikio zima, na sikio la kushoto lenye mkato wake. Akakitazama. Akakiongezea inzi.